Fundi Jaku na Miguu ya Samadari Yetu

Jumanne, 1 Juni 1971

Wiki ya tatu ya ndoa. Furaha tupu! Mabrouk kaondoka kwenda kazini bandarini, kafika kona ya kichochoro, karudi mbio eti kasahau kitu. Alichosahau ni kunitazama. Nani mwingine mjini mzima ana mume kama huyu? Hakuna.

Doa moja tu: samadari. Kitanda hiki ni zawadi ya mavyaa wangu, Bi Time, mama yake Mabrouk. Ndicho alichomzalia mwanawe huko Bwejuu. Nakiheshimu sana. Lakini miguu yake miwili imeliwa na mchwa, na ukijigeuza tu kinalia. Leo Bi Mize wa chini kaniuliza, uso mkavu, kama tumenunua punda. Aibu!

Nikamwita Fundi Jaku, mkereza miguu ya vitanda. Mzee wa kanzu iliyojaa vumbi la mbao. Akakigonga, akakinusa (kitanda hunuswa?), akakisia miguu miwili mipya shilingi thalathini na tano. Mimi mtu wa kidato cha nne, sibabaishwi. Nikamwambia thalathini na tano basi, senti haizidi. Akasema naam. Mabrouk kanipa pesa, kaniita waziri wake wa fedha. Mpenzi!

Alkhamisi, 3 Juni

Kaja Kidawa, tuliyesoma naye, aliyeolewa Bububu na hatutakaa tusahau. Kitanda chake hakipandwi bila ya kigoda. Kakaa kwenye changu, nyayo zake zikafika chini, akazitazama. “Kizuri, shoga,” akasema. “Hata mtoto anapanda mwenyewe.”

Nyoka! Nikacheka, nikamtilia chai. Alipotoka tu nikajitupia buibui, huyoo kwa Fundi Jaku. Nikamwambia miguu airefushe shubiri moja. Kidogo tu. Akauliza hata ile miwili mizima? Nikamwambia bila shaka, au anataka tulale tunateleza? Akasema naam. Nikiwa mlangoni nikakumbuka ubao wa kichwani: auchonge moyo, na ndani yake herufi M mbili, Mabrouk na Mwanakheir. Akasema naam.

Nataka ikumbukwe kuwa bei hakutaja hata mara moja. Mtu akikubali bila ya kutaja bei, kakubali bure. Hili halihitaji hata kusomewa.

Jumatatu, 7 Juni

MIA NA ISHIRINI! Nilidhani ananitajia umri wake.

Eti miguu miwili imekuwa minne, mifupi imekuwa mirefu, na moyo umemla siku mbili. Eti mbao adimu, zote zinakwenda Michenzani. Michenzani kunajengwa majumba ya saruji! Au nayo yatasimama juu ya miguu ya kukereza? Nikamwambia tulipatana thalathini na tano. Akasema naam, kwa kile tulichopatana. Kisha akachomoa penseli sikioni, akaendelea na kazi, kama kwamba mimi ni paka. Miguu yote, ya zamani na mipya, iko kwake pamoja na ubao wa kichwani, na haitoki mpaka pesa ziingie.

Tunalala godoro chini. Nimemwambia Mabrouk rangi haijakauka. Kasema raha hii, kama tuko ufukweni. Mume wa peponi! Ila sasa hivi kaja mtu wa Bwejuu na salamu: Bi Time atafika Jumapili, ana shauku ya kukiona kitanda chake. Akikikuta hakina miguu, atasema mwanawe kaoa mharibifu. Nitakufa.

Jumatano, 9 Juni

Shauri limepatikana. Sigombani, kugombana ni kwa watu wasiosoma. Mtu aliyekula chakula chako hawezi kukutazama usoni akakudai mia na ishirini. Nimempikia Fundi Jaku biriani kwa mchele wote wa mwezi, ule niliousimamia foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Kala. Karamba vidole. Kasema Mungu anizidishie. Bei? Ile ile.

Tena mkewe, Biasha, akaniletea mkate wa ufuta, kwa sahani yake! Mwerevu huyo. Sahani ya watu hairudishwi tupu, kwa hivyo nikampelekea pweza wa nazi. Kabla ya magharibi pweza wangu kajibiwa kwa visheti. Huu si ujirani, hii ni vita. Na Mabrouk, msaliti wa roho yangu, kala visheti kafumba macho, akaniuliza nimejifunza lini. Nikamwambia leo.

Mchele umekwisha. Nazi zimekwisha. Sahani ya Biasha ingali hapa, inanitazama.

Ijumaa, 11 Juni

USHINDI!

Asubuhi nilirudisha sahani na ndizi mbivu, zilizobaki nyumbani. Baada ya sala nikampeleka Fundi Jaku kwa mwenyekiti wa tawi la chama. Nilisema vizuri mno. Nikamwita mnyonyaji na adui wa wanandoa. Yeye katulia, kiraka chake cha goti kinaonekana. Mwenyekiti kauliza kisio la kwanza lilikuwa la nini. Nikasema miguu miwili. Na mengine nani kaagiza? Nikaona bora kukohoa.

Mwenyewe fundi akamaliza kesi. “Basi, bibi harusi, chukua ya thalathini na tano.” Umeona? Wote ndivyo walivyo, ukiwakazia wanalainika. Nikalipa pale pale, mbele ya shahidi.

Alasiri kaja kufunga. Miguuni kwa kitanda katia miwili mipya, mirefu. Kichwani karudisha miwili ya zamani, mifupi. Ubao wenye moyo na herufi kaondoka nao kwapani. Nikamwambia kitanda kimeinama! Akasema naam, mingine haikupatanwa.

Ukilala huku, damu yote inashuka kichwani. Ukigeukia kule, unateleza mpaka ukutani. Nimemwambia Mabrouk ndivyo madaktari wa siku hizi wanavyoelekeza. Kasema na mimi atateleza mpaka Bwejuu. Nimelia kwa mapenzi. Kidogo na kwa kichwa kuniuma.

Jumapili, 13 Juni

Kafika. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, kisha moja kwa moja chumbani. Akakitazama kitanda upande huu, akakitazama upande ule. Nikasema ndiyo mitindo ya sasa. Akajinyoosha juu yake, akateleza taratibu, ukaya ukamfunika uso. Nikajua narudishwa kwetu.

Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema ana njaa, na mimi jikoni nina chumvi na majani ya chai.

Hodi mlangoni. Biasha! Ndizi zangu zilikuwa deni, kaja kulilipa: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikaipokea sinia nikaiweka mbele ya mavyaa wangu. Kala mpaka tonge la mwisho. Akasema mkono uliopika hivi unastahili kukaa na mwanangu. Nikainamisha macho. Sikusema nimepika mimi. Sikusema sikupika. Biasha alikuwa angali mlangoni. Kaziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Hana adabu.

Nikamweleza Bi Time habari yote, namna nilivyodhulumiwa. Akanisikiliza, akaniuliza swali moja tu: nilipoagiza kirefushwe, niliuliza bei? Nikasema ningeuliza vipi, mtu mzima ananijibu naam? Akafungua fundo la kanga, akampelekea fundi shilingi themanini na tano zilizobaki. Jua halijatua, samadari imesimama kwa miguu minne, moyo uko kichwani. Akaninong’oneza mambo haya yabaki baina yetu, na siku nyingine nipatane kwanza ndipo niagize. Nimeahidi kwa roho yangu yote.

Jumanne, 15 Juni

Bi Time karudi kwao, kaniombea dua. Kitanda hakilii tena. Bi Mize kaniuliza punda kafa?

Kuna jambo moja tu. Mimi mfupi, na kitanda sasa kirefu, sikipandi! Juzi Mabrouk kanibeba: utamu usio kifani. Jana kanibeba tena, mgongo ukalia kuliko samadari ya zamani. Leo kaenda kazini kapinda.

Kwa hivyo nimekwenda kwa Fundi Jaku. Nimekaza sauti: kigoda cha kupandia, kitupu, bila ya mapambo, bei gani? Akasema kumi. Nikasema kumi basi, senti haizidi. Akasema naam. Nimejifunza!

Nikiwa mlangoni nikakumbuka kigoda cha Kidawa kina ngazi mbili. Nikamwambia changu akitie tatu. Kidogo tu. Na kidroo chini, cha kutilia manukato yangu. Akasema naam, naam.

Bei hakutaja. Mtu mzuri sana Fundi Jaku, ukishajua namna ya kumuweza.