Moyo wa Mama Hauhamii Buhongwa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Vita vimeanza! Leo wifi Prudencia kaja hapa Nyakato, hata viatu hajavua, kasema kliniki ya Mama ni Jumatatu ijayo, na kipimo kikionyesha moyo umeanza tena kupiga ovyo, anamhamishia kwake Buhongwa. Kwake kuna vigae na dada wa kazi. Kwangu kuna mimi.

Mama ni mama mkwe wangu, Mama Leonsia. Mwezi uliopita moyo wake ulikuwa unapiga kama watoto wanaotoka darasani, kila mmoja na mbio zake. Hospitali wakaushtua kwa umeme, ukarudi kwenye mstari. Daktari akasema unaweza kurudia, akataja vinavyouchokoza: presha, unene, pombe, kuruka dawa, na kukoroma kule kwa kukatika pumzi. Niliviandika vyote nyuma ya kadi ya kliniki ya mwanangu Evelina. Nesi alinigombeza. Lakini vipo!

Mume wangu Renatus anasema tumwachie Mungu na dada yake. Simwachii mtu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la sita. Huyu ndiye aliyenikanda maji ya moto nilipojifungua. Sina mwingine.

Jumanne, 15 Julai

Naanza na unene. Mama huenda kusali jumuiya kwa bodaboda, na ni mwendo wa robo saa tu kwa miguu. Nikampanga Ngosha, dereva wake, aseme tairi limepasuka. Mama atembee!

Mama kakaa kibarazani, kasema hana haraka, atasubiri. Ikabidi Ngosha ang'oe tairi zima, alizamishe kwenye beseni la nepi za Evelina, atafute tundu ambalo halipo. Dakika arobaini! Mama kampa chai, kampa pole, kamwombea baraka. Ngosha kaona aibu, kampeleka bure, kamrudisha bure. Kaniambia nisimpange tena, dhambi alizonazo zinamtosha.

Hata hivyo, Mama alisimama mara tatu kuchungulia tairi. Kusimama nako ni mazoezi. Ushindi!

Jumatano, 16 Julai

Pombe. Kila jioni Mama hupata vikombe viwili vya rubisi, ile pombe ya ndizi ya kwao Kagera. Mbinu yangu: simnyimi, nambadilishia. Nimenunua ndizi mbivu, nimezikamua na majani mpaka viganja vimetoka malengelenge. Dumu zima la juisi! Tamu, haina kilevi hata tone. Nimeliweka jikoni chini ya bati, pale penye joto, lisije likaharibiwa na baridi.

Mimi ni Msukuma wa Magu, kwetu ndizi tunakula tu. Ila akili ninayo. Mama kaonja, kasema hiki ni kinywaji cha watoto wachanga. Sawasawa kabisa!

Ijumaa, 18 Julai

Mama akilala chali anakoroma. Akilala ubavu, kimya. Basi jana mchana nilichukua mpira mdogo wa Evelina nikaushonea ndani ya gauni lake la kulalia, mgongoni. Akigeuka chali, unamchoma, anarudi ubavu. Sikumwambia, nilitaka aone matokeo.

Asubuhi ukelele! Mama kapapasa mgongo, kakuta uvimbe mkubwa kama limau. Kabla sijafika chumbani keshampigia Prudencia simu ya kumuaga. Prudencia kaja analia, na katekista nyuma. Katekista kafungua kitabu. Prudencia kanyoosha mkono, kaubonyeza uvimbe.

Uvimbe ukalia pwiii.

Nilisahau kuwa ule mpira una sauti.

Nimekiri mbele ya katekista. Prudencia kasema nitammaliza mama yake kabla ya Jumatatu, na Buhongwa chumba keshakitandika. Katekista alikuwa anakohoa, nadhani ni kicheko. Ila Mama kacheka waziwazi mpaka kafuta machozi na kanga. Na hakukoroma! Ushindi!

Jioni kaonja juisi, kanitazama sana, kasema sasa nimekuwa Mhaya kama yeye. Nimeingia chumbani nimelia kwa furaha.

Jumapili, 20 Julai

Jamani.

Prudencia kaja kukagua. Nikamwamkia, nikamkaribisha kwa glasi ya juisi. Kameza funda moja, kaishusha glasi taratibu, kauliza nani kamruhusu mama yake rubisi. Nikasema wifi, hiyo ni juisi, nimeikamua Jumatano. Kasema ilikuwa juisi Jumatano! Siku nne kwenye joto, hata mtoto wa Bukoba anajua imegeuka pombe.

Yaani nimempikia kwa mikono yangu! Prudencia keshaanza kukunja magauni ya Mama. Mimi nimemkumbatia Evelina.

Mama ndiye kasema. Kamwambia binti yake aache magauni yake. Kasema aliijua kwa harufu tangu Alhamisi. Kila jioni anagusisha ulimi tu, kikombe anakimwaga kwenye shina la mpapai. Kasema na yeye alimsikia daktari, masikio anayo, na Jumatatu anaiogopa kuliko sisi wote, maana Buhongwa kuna vigae lakini hakuna Evelina.

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Kasema nilikuwa na furaha mno.

Jumatatu, 21 Julai

USHINDI! USHINDI!

Wamembandika waya kifuani, mashine ikachora. Mstari mmoja safi, vilima vimepangana sawasawa kama matuta ya viazi! Daktari kamuuliza Mama amefanya nini. Kasema anameza dawa kwa saa zake, rubisi kaacha, na kutwa nzima anamfukuzia mjukuu anayetambaa. Mimi hajanitaja, nadhani kasahau kwa furaha.

Daktari kasema tusilegeze, moyo bado unaweza kurudia, na ule ukoromaji anataka kuupima vizuri. Prudencia kamsimulia habari za mpira na juisi, naye kanigeukia, kasema nisijaribu kitu chochote tena bila kumuuliza kwanza. Kwa hiyo ananihesabu mwenzake kazini.

Prudencia kasema Mama abaki Nyakato. Aliliambia dirisha, si mimi. Lakini nimesikia.

Renatus naye, wakati anatusubiri, kapimwa presha. Imepanda! Kaambiwa apunguze chumvi.

Jumatano, 23 Julai

Daktari nina namba yake, lakini kwa jambo dogo hivi nitamsumbua ya nini? Nimemwaga chumvi yote iliyokuwa ndani. Hata chembe! Badala yake natia vile vidonge vya kukolezea mchuzi, vitatu kila sufuria.

Mama kachungulia sufuria, kashika kichwa, kauliza kama nina hakika vidonge hivyo havina chumvi. Nina hakika.

Renatus kala sato mpaka kalamba sahani. Kasema tangu anioe sijawahi kupika hivi. Kisha kanywa jagi zima la maji, kaomba jingine. Mwili unajisafisha!

Kesho natia vinne.