Moshi kwa Nyuki wa Mama Kalondu

Jumatatu, 3 Agosti 1987
Jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: napenda harufu ya petroli iliyochanganywa na oili kuliko harufu ya chapati. Mjomba Nzioka hukata miti hapa Tulia kwa msumeno wa injini, na likizo hii mimi ndiye mchanganyaji. Petroli lita tano, oili mililita mia mbili. Napima kwa chupa ya maziwa ya mtoto, kwa sababu ina alama. Oili inashuka polepole, kama wingu lisilojua pa kunyesha. Mutunga, msaidizi wa Mjomba, hupima kwa jicho. Aliniuliza msumeno utaanza kutambaa lini. Lakini Mjomba ameahidi: nikichanganya vizuri hadi Ijumaa, nitaushika mwenyewe, nikate gogo moja.

Jumatano, 5 Agosti
Ijumaa tunaangusha mgunga wa Mama Kalondu, umeinamia jikoni kwake. Ndani ya shina kuna nyuki. Mutunga anataka wachomwe kwanza. Mama Kalondu akamwuliza kama yeye angependa kuchomwa akiwa kitandani. Kitabu changu cha sayansi kinasema moshi hutuliza nyuki. Na oili ikizidi, msumeno hutoa moshi. Nimekaa jioni nzima nikitazama mawazo haya mawili yakisogeleana.

Ijumaa, 7 Agosti
Niliweka mililita mia sita. Sikusema.
Mjomba aliwasha msumeno, na moshi wa buluu ukapanda hadi matawini. Kwa dakika moja mgunga ulikuwa unaelea, nami kichwani mwangu nilikuwa nimeushika msumeno, nakata gogo langu. Kisha injini ikakohoa, ikazima, msumeno ukakwama katikati ya shina. Nyuki wakatoka kuuliza. Mjomba aliingia jikoni kwa Mama Kalondu kupitia dirishani. Mutunga alikimbia hadi sokoni, na hakukimbia peke yake.
Baadaye Mjomba alifungua plagi ya injini. Nyeusi, imelowa oili. Akauliza nilichanganya vipi. Mutunga, jicho moja limevimba kwa kuumwa na nyuki, akasema hata yeye kwa hilo moja lililobaki angepima vizuri zaidi.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimenyang'anywa chupa. Gogo langu nalo limekwenda. Mutunga ndiye mchanganyaji, na Jumatatu wanarudi kumalizia mgunga. Mimi nimeachiwa kusafisha plagi.
Nimefikiri sana. Nyuki hawakutoka wakati wa moshi. Walitoka moshi ulipoisha. Kwa hiyo haukutosha.
Nikaisafisha plagi kwa brashi, nikaikaza mahali pake. Nikafungua dumu la Mutunga, nikaongeza oili vikombe viwili vilivyojaa, nikalitikisa taratibu, nikaenda kuteka maji.