Chembe Zangu Zimekataa Hodi

Schaerbeek, 14 Septemba

Kwako Maman Tatiana, muuguzi wetu wa kisukari,

Heshima zako zikutangulie. Mimi ni Antoine Mwamba, yule mgonjwa wa Jumanne uliyemchorea mwili wake nyuma ya karatasi ya vipimo. Mchoro wako nimeutazama wiki nzima na hasira haijanitoka. Naomba uzifikishie chembe za mwili wangu malalamiko haya, kwa kuwa wewe ndiye unayeelewana nazo.

1. Ulisema insulini ni mjumbe. Hupita kwenye damu, hufika kwenye ngozi ya chembe, hushika kipokezi kilichosimama mlangoni, nacho hupeleka habari ndani: fungueni, sukari imefika. Mjumbe mwenyewe haingii hata sebuleni. Mtu wa adabu hivyo, na chembe zangu zinamnyamazia!

2. Kila kipokezi, ulisema, humjua mjumbe wake tu. Nikacheka, maana hayo ni madirisha ya komine, ofisi ya serikali ya mtaa: umekosea dirisha, rudi kwenye foleni. Lakini huyu yuko kwenye dirisha lake hasa.

3. Eti mjumbe akibisha hodi mno chembe huchoka, huvivuta vipokezi ndani na kubaki kiziwi. Eti kosa ni langu na sahani zangu tatu za bukari, ugali wetu. Lubumbashi nani aliwahi kuchoshwa na hodi? Nashuku miaka kumi na tisa hapa imezigeuza chembe hizi Wabelgiji: bila miadi hazipokei mtu.

4. Tabia hiyo imeambukiza. Binti yangu Mwadi yuko Etterbeek tu, mji huu huu, na hajakanyaga kwangu tangu Juni. Akipiga simu sipokei, kwani mtoto hufika kwa miguu yake. Kila Jumapili namngoja nimevaa viatu. Inaniuma sana, Maman.

Kwa hiyo naomba chembe hizo zipewe amri ya kuondoka nchini ndani ya siku thelathini, kama tunavyopewa sisi wageni, na Mwadi apewe onyo kali.

Nisalimie wote hapo kliniki, hata yule anayetupima uzito.

Mgonjwa wako mtiifu,
Antoine Mwamba

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, jirani yangu Freddy amegonga mlango akaniletea sufuria ya sombe, yale majani yetu ya muhogo, na kikaratasi: "Papa, hii ni dimanche ya tatu nakuya, nasonner, haufungule. Bon, sombe naachia Freddy. Mwadi." Kumbe Jumapili tatu amekuja akapiga kengele, nami sikufungua. Waya wa kengele niliukata mwenyewe mwezi wa Juni, kwa kuwa watu wa kikundi cha sala walikuwa wakiibonyeza kila siku. Malalamiko usiyapeleke. Niambie tu: chembe iliyokwisha kuvuta kipokezi ndani, huwa inakirudisha?