Sehemu ya Tisa ya Kamanda Radi

Festus Musili alipata wazo lake akiwa anabishana. Ubishi ukinoga, shetani huvuta kiti.

Ukumbi wake wa video pale Mumbuni ulikuwa umebaki na wateja wachache wenye usingizi. Mwenye nyumba, muumini mpole, alikuwa amemwambia kwamba viti visipojaa Jumapili, ukumbi atampa kinyozi. Vijana wote walitaka kitu kimoja: sehemu ya tisa ya Kamanda Radi, ambayo ilikuwa ikionyeshwa Nairobi na ambayo Festus hangeipata hata kwa kufunga na kuomba.

Jirani yake Waithira, fundi wa nguo, alisema hawakosi kitu. Filamu zile hazina akili. Steringi, huyo Kamanda mwenyewe, analipua daraja, kisha anaanza kutafuta njia ya kuvuka.

"Nani huja hapa kufanya mtihani?" Festus akamuuliza. "Watu wanataka moto, magari yaruke, waende nyumbani. Hata nikiwawekea ya nne niseme ni ya tisa, nani atajua?"

 Hapo akasikia alichosema mwenyewe.

Akabandika tangazo mlangoni. Akakata jina la filamu ya nne kwa laptopu na kuzima sauti, kwa sababu Kiingereza cha Kamanda vijana walikuwa wamekikariri kuliko Zaburi. Badala yake akamchukua Mwendwa, mtu wa kunadi dawa ya panya sokoni kwa kipaza sauti, akampa flashi yenye filamu zote aende azizoee. Maagizo yalikuwa mafupi. Kitu kikilipuka, apige kelele. Kisipolipuka, anyamaze.

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa hadi dirishani. Festus alimshukuru Mungu, ambaye kwa rehema zake hakujibu.

Daraja likalipuka, Mwendwa akapiga kelele kwa bidii. Lakini mwenye dawa ya panya hajui kunyamaza mbele ya watu; akinyamaza, wanaondoka. Moshi ulipotulia akaanza kueleza sababu. Ng'ambo ya daraja, akasema, yuko mjomba wa Kamanda, aliyekula mahari ya dada yake Kamanda na kuuza shamba la Masinga. Yule mzungu mwenye kovu? Ndiye mjomba. Yule mwanamke anayelia? Ndiye dada, analilia mbuzi wake wa mahari.

Ukumbi ukatulia kama kanisa wakati wa sadaka.

Hapo Waithira akasimama. "Jamani, hii ni ya nne. Mimi niliionea kwa binti yangu."

Festus alianza kupima dirisha kwa macho. Lakini Muli, mwendesha boda boda mwenye mabega ya kubeba magunia, aligeuka polepole.

"Keti, mama. Tunataka kujua mjomba alipeleka wapi hao mbuzi."

Waithira akaketi. Jioni Festus alimfuata kwenye cherehani yake, kifua mbele. Akamuuliza: je, ameona? Ukweli amewaambia, nao wamemkalisha. Akili ya nini? Waithira alikata uzi kwa meno. Yeye somo alilolisikia mle ndani lilikuwa tofauti.

Jumapili iliyofuata Mwendwa hakutokea. Festus hakujali. Aliweka ya tano, yenye milipuko kuliko zote, na Kiingereza chake. Aliyeingia ni kinyozi peke yake, akapima ukuta wa kuweka vioo, akatoka. Kelele za watu zilikuwa zikitoka upande wa pili wa ukuta huo, naye Festus akazifuata.

Duka la Waithira lilikuwa limetundikwa shuka jeupe, na Mwendwa yuko mbele na kipaza sauti. Tangazo lilisema ni sehemu ya kumi. Festus alitazama shuka na kuijua picha. Hata flashi ilikuwa yake.

"Hiyo ni ya pili," akamwambia Waithira mlangoni. "Naingia sasa hivi niwaambie."

"Waambie. Hata mimi niliwaambia."

Festus akashika pazia la mlango, akafungua mdomo. Ndani Mwendwa alikuwa ameshusha sauti. Mjomba amerudi usiku, amekuja na mbuzi wote isipokuwa mmoja, na dada anamuuliza huyo mmoja yuko wapi.

Festus aliijua filamu ile kama Baba Yetu. Haina mbuzi hata mmoja.

"Yuko wapi?" akanong'ona.

"Hamsini ya kuingia," akasema Waithira, akanyoosha mkono. "Na uvue hiyo kofia, walio nyuma wataona nini?"