Uzinduzi wa Mradi wa Fuata Bomba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Mamlaka ya Maji. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu lakini leo yupo hapa kikazi. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi mlioketi safu ya mbele, na ninyi mliofika mkaikuta safu ya mbele imejaa. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo na wanaowakaimu makaimu. Ndugu mafundi bomba. Bi Mkunga Mkuu wa hospitali yetu ya mji, ambaye naona bado amevaa aproni ya kazini. Wateja wetu wapendwa, mabibi na mabwana: kama kuna mtu sijamtaja, ajihesabu ametajwa, na kama nimemtaja vibaya, alete malalamiko yake kwa maandishi.

(Makofi ya adabu.)

Nimesimama mbele yenu kama Mkurugenzi Mkuu, kwa unyenyekevu mkubwa ambao watu wachache wa cheo changu wamejaliwa kuwa nao, ili kuzindua rasmi mradi wa kimkakati, jumuishi, endelevu na wa kidijitali wa kuhifadhi na kushirikishana mipangilio ya ufuatiliaji wa mtandao wa mabomba katika programu ya ramani, ambao kwa kifupi unaitwa Fuata Bomba, jina lililopatikana baada ya Kamati ya Jina kukaa, kutokubaliana, kwenda semina, kurudi na kukaa tena.

Kwa wale wasio wataalamu, nitaeleza kwa lugha nyepesi, kama nilivyoelezwa mimi. Mabomba yote ya mji huu yamo katika ramani ya kompyuta. Bomba likipasuka, unaiambia kompyuta: anzia hapa palipopasuka, rudi nyuma kuelekea kwenye tangi, simama kwenye valvu ya kwanza inayofunga kweli, iliyoshikwa na kutu iruke, na mabomba ya majumbani usiyahesabu. Maagizo hayo ndiyo mipangilio. Kompyuta inafuata, inakuonyesha valvu ya kufunga, fundi anakwenda anafunga. Tatizo letu lilikuwa kwamba kila ofisi iliandika maagizo hayo upya kila bomba lilipopasuka, kila mtu kwa kichwa chake, na ndugu zangu, vichwa vyetu mnavijua.

(Kicheko. Mkurugenzi anasubiri kiishe, kisha anasubiri kidogo zaidi.)

Mwaka jana, kama mnavyokumbuka, bomba lilipasuka nyuma ya duka la dobi. Kaimu wa zamu, kijana mzuri, mpwa wa mtu tunayemheshimu, aliiambia kompyuta ifuate bomba kwenda mbele badala ya kurudi nyuma. Kompyuta ikatii. Fundi akatumwa kufunga valvu ya hospitali. Kwa hiyo maji yaliendelea kumiminika dukani kwa dobi, mashuka ya watu yakatoka mlangoni yenyewe, na wodi ya wazazi ikabaki kavu, ilhali kulikuwa na mama anajifungua.

(Bi Mkunga, kutoka safu ya tatu: "Na alikuwa anatoka damu! Nilinawa mikono kwa chupa ya maji ya kunywa ya mumewe!")

Asante sana, Bi Mkunga. Hilo kitaalamu tunaliita ushiriki wa mteja. Mama na mtoto walipona, na tumewaingiza katika ripoti ya mwaka, kwenye sura ya mafanikio.

Sasa, mchana wa siku ileile, mkuu wa kitengo chetu cha ramani, ambaye sote tunamwita Bi Ramani, aliingia ofisini kwangu bila kupiga hodi. Akaniambia, "Mkurugenzi, nimeshaandika mipangilio sahihi. Nimeihifadhi kwa jina moja, nimeweka maelezo mafupi ya kazi yake, na nimezishirikisha ofisi zote. Mtu anachagua jina, anabonyeza, basi. Hakuna tena kuandika upya."

Nikamuuliza, "Kamati gani imeidhinisha?"

Akasema, "Hakuna kamati. Programu yenyewe ina sehemu ya kuhifadhi na kushirikisha. Nimefanya nikisubiri chai ipoe."

Nikamuuliza, "Na nani amekata utepe?"

"Utepe wa nini, Mkurugenzi?"

Nikamtazama kwa huruma ya mzazi. Nikamwambia, "Binti yangu, futa." Kwa sababu, waheshimiwa, haiwezekani kuzindua kitu ambacho tayari kinafanya kazi. Huo ungekuwa udanganyifu kwa umma.

(Mtu anakohoa. Bi Ramani, safu ya nyuma kabisa, anatazama dari.)

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Tuliunda fremuweki. Tuliwaita wadau, tukawagawa katika makundi, na kila kundi likapewa karatasi kubwa na kalamu za rangi. Tulifanya utafiti, ukabaini kwamba asilimia tisini na nne ya wakazi wanapenda maji, na waliobaki hawakulielewa swali. Mimi binafsi niliongoza ujumbe kwenda nje kujifunza jinsi wenzetu wanavyohifadhi mipangilio yao. Wenyeji wetu walitubonyezea kitufe asubuhi ya kwanza, ikawa imekwisha, lakini sisi kwa uzalendo tulikaa hadi mwisho wa ratiba.

(Simu inalia. Bi Mkunga anaipokea, anasikiliza, anasimama: "Mkurugenzi, samahani. Wananipigia kutoka wodini. Maji yamekatika tena, na kuna wazazi wawili chumba cha kujifungulia. Mmoja mtoto amekaa vibaya.")

Taarifa imepokelewa, Bi Mkunga, na umeitoa wakati mwafaka kabisa, kwa kuwa aya inayofuata inahusu hospitali.

(Fundi bomba mmoja, kwa sauti: "Limepasuka pale kituo cha mafuta! Wamefunga valvu isiyo yenyewe, kama mwaka jana!")

Naomba utulivu, na naomba simu zizimwe. Kuna watu hawajiheshimu. Hata ninaposema haya, namwona Bi Ramani amefungua kompyuta mapajani katikati ya hotuba yangu.

(Fundi bomba amefika safu ya nyuma. Wananong'ona, lakini ukumbi una mwangwi.

"Si alikwambia ufute?"

"Nilifuta. Hakusema nisihifadhi kwa jina lingine. Nimekushirikisha sasa hivi, fungua simu yako. Chagua jina, gusa palipopasuka, bonyeza."

"Majina ni mengi humu. Inaitwaje?"

"Mkurugenzi Hodari."

"We mwanamke!"

"Nilijua hiyo hawezi kuigusa."

Fundi anabonyeza. Mstari mwekundu unarudi nyuma barabara kwa barabara, unairuka valvu moja, unasimama kwenye ya pili. Fundi anatoka mbio, na wenzake nyuma yake.)

Nawaona mafundi wanavyokimbilia kazini kwa hamasa ya hotuba hii. Hayo ndiyo matokeo ya haraka. Sasa niruhusuni niingie kwenye awamu za mradi, ambazo ni saba, na awamu ya kwanza peke yake ina hatua ambazo...

(Hapa Mkurugenzi alizungumza kwa kirefu kuhusu jengo la ofisi ya mradi, maegesho yake na rangi ya mapazia. Mwandishi wa kumbukumbu hakuandika, kwa kuwa yeye na ukumbi mzima walikuwa wakimtazama Bi Mkunga, ambaye alikuwa amesimama ukutani na simu sikioni, akisema: "Mgeuze taratibu. Usimvute. Mwambie mama asisukume. Maji bado? Chemsha hayo hayo yaliyobaki." Kisha akaketi sakafuni.

"Yamerudi," alisema. "Bomba linatoa. Mtoto analia, namsikia. Wa kike.")

(Vigelegele. Watu wanasimama. Fundi bomba anarudi ameloa hadi kifuani, ameinua simu juu: "Mkurugenzi Hodari imefanya kazi!" Ukumbi mzima: "Mkurugenzi Hodari! Mkurugenzi Hodari!")

Asanteni. Asanteni. Jamani, kaeni, mtanitoa machozi. Katika utumishi wangu wote sijawahi kushangiliwa kwa sababu ya mapazia.

Basi nihitimishe. Nikisema "Fuata Bomba", ninyi mtaitikia "Mpaka Kwenye Valvu". Fuata Bomba!

(Hakuna anayeitikia. Wanawake wamemzunguka Bi Mkunga. Mafundi wanamwomba Bi Ramani awashirikishe na wao.)

Hifadhi mara moja, tumia daima! Mipangilio ni ya wote, uzinduzi ni wangu!

Mwisho kabisa, niwashukuru waliofanikisha siku hii. Namshukuru mchoraji, kwa bango hili lililochorwa kompyuta, ambalo ukiwa mbali huwezi kujua kwamba ni bango. Naishukuru Kamati ya Jina, iliyoleta jina, ambalo hadi sasa ndilo sehemu ya mradi iliyokamilika. Namshukuru mapema mtaalamu atakayeujenga mfumo, pindi tutakapokubaliana tumtafute wapi. Na nawashukuru ninyi, mlioacha shughuli zenu kuja kuzindua mradi ambao, kama ungekuwepo, ungetutosha sote.

Sasa nakata utepe. Nyuma ya utepe mtaona meza. Naomba isiguswe, tumeiazima wodini.

(Utepe unakatwa. Bi Mkunga anafunga aproni yake vizuri, anashika upande mmoja wa meza. Fundi bomba aliyeloa anashika upande wa pili. Wanaitoa nje, na watu wanawapisha njia mlangoni.)