Mbuzi wa Mama Mbuyi na Ziwa Langu

Bandugu, leo nimeaibika. Mbele ya watu wa avenue yetu nzima. Na aliyeniaibisha ana miguu minne.

Mnajua nilitibiwa kansa ya ziwa, nikakatwa la kushoto. (Ninyi wa groupe yetu ya wagonjwa wa kansa mnajua. Hapa mtaani Hewa Bora hakuna aliyejua mpaka leo.) Siku ile ya kukimbia vita Goma, katika fujo nilibeba sufuria nikasahau ziwa langu la bandia kitandani. Kwa hiyo niliacha Goma maziwa mawili: lile la maji na lile la kifuani. Nilipofika Lubumbashi nikashona lingine kwa kitambaa, nikalijaza ulezi. Lilinikaa vizuri kuliko la dukani!

Wiki hii docteur akaniambia vitamini D yangu iko chini sana.

"Mama, unajificha ndani kama panya. Nitakupa dawa, lakini toka kwa jua kidogo."

"Ikipanda, kansa haitarudi?"

"Ile hakuna mutu anaweza kukuahidi. Badocteur bangali banachunguza. Lakini mifupa yako inaomba ile vitamini."

Mimi nilisikia neno moja tu: jua. (Ukiwa na hofu, masikio yanachagua.)

Asubuhi nikatandika mkeka nyuma ya nyumba, nikajifunga pagne ya kitenge, ziwa nikaliweka juu ya kiti nalo lipate joto. Nikafumba macho. Nikawa naomba: Mungu wangu, isirudi, isirudi. Mara nikasikia kitu kinatafuna.

Mbuzi wa jirani yangu, Mama Mbuyi! Ziwa mdomoni!

Nikaruka. Mbuzi akaruka zaidi. Akatoka langoni, mimi nyuma yake, mkono mmoja umeshika pagne, mwingine kiatu. Watu kuona mwanamke anakimbia, nao wakakimbia! Wengine wanapiga kelele "Mwizi!", wengine wakadhani vita imetufikia. (Siku hizi mtu akikimbia, hakuna anayeuliza.) Mama mmoja alitoka na godoro kichwani, tayari kwa safari ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Mbuzi akaenda kusimama wapi? Kwenye robinet, bomba la wote, katikati ya mstari wa wamama wanaongoja maji. Akalitema ziwa miguuni pa Pasta wetu, aliyekuja na bidon yake ya maji. Pasta akaliokota. Akalibonyeza. Akalinusa!

"Hii mukate iko ya nani?"

Nikainua mkono wenye kiatu.

"Yangu, Pasta."

"Eh, mama! Iko mukate ya nini?"

"Si mkate, Pasta. Ni ziwa."

Akaliachia kama kaa la moto. Ulezi ukamwagika, kuku wa avenue wakafika wote bila kualikwa. Mstari mzima ukanitazama kifuani: upande huu mlima, upande ule uwanja wa ndege. Ikabidi nieleze. Kansa, kisu, Goma, yote. Nikangoja waanze kunikwepa.

Mama Mbuyi, aliyekuwa mkiani mwa mstari, akaokota kitambaa changu, akaenda nacho moja kwa moja mbele kwenye maji kukiosha.

"Eh, Mama Mbuyi, kuko mustari!" akalalamika mmoja.

"Wacha ziwa ya mama ipite! Weye yako iko mbili, uko na haraka ya nini?"

Wamama wakaangua kicheko. Mimi pia nikacheka, nikacheka, mpaka nikajikuta nalia. Hakuna aliyenikwepa. (Isipokuwa Pasta. Alikuwa bado ananawa mikono.)

Tulipokuwa tunarudi, Mama Mbuyi anamvuta mbuzi wake kwa sikio, akasimama ghafla. Sauti ikashuka.

"Miye pia niko na kitu hapa kwa kifua. Kigumu hivi. Naogopa kwenda kwa docteur. Kesho utanisindikiza?"

Nikamwambia, hata mbuzi tutampeleka kama ataka.

Basi, nawaomba msinicheke. Ukishindwa kujizuia, cheka huku unajipapasa kifua.