Mhimili wa Bawa Uliokaukia Benchini

Hakuwa na karakana. Hakuwa na mashine ya kukandamizia, wala meza, maana mkewe alipoondoka aliondoka nayo. Akili ya kutafuta mke mwingine hakuwa nayo pia. Lakini Fundi Redio alikuwa na nyuzi za kaboni, gundi, na sisi wazee wa kijiweni.

Asubuhi niliwasomea wenzangu gazeti: mashindano ya ndege ndogo za rimoti, fomu za maombi mwisho leo. Mhimili wa bawa lazima ubebe kilo ishirini, mashahidi wawili watie sahihi.

Fundi akatoa kijiti cheusi, chembamba kama kidole, kirefu kama mkono.

"Ndio mhimili huo?" akauliza Sentimita, mshonaji. "Rula yangu nene kuliko huo."

"Rula yako haijawahi kuruka, kaka."

"Na huo umewahi?"

Kilo Mia, muuza nyama, akaulaza juu ya viti viwili, akatundika katikati ndoo ya maji ya lita ishirini. Mhimili ukapinda, ukatulia. Fundi alikuwa amefumba macho. Nyuzi za kutengeneza mwingine hakuwa nazo.

"Umebeba," nikasema.

"Taratibu, mzee." Sentimita alikuwa ameshika fomu. "Wanauliza ulikandamizwa kwa mashine gani. Huna mashine, Fundi. Mimi sisaini uongo."

"Ninayo."

"Iko wapi?"

"Jana niliwanunulia kahawa mara nne. Hamkujiuliza kwa nini?"

"Tulidhani umeanza kuwa mtu," akasema Kilo Mia.

"Gundi inataka saa nane chini ya mzigo usiotikisika. Mhimili ulikuwa kati ya mbao mbili za benchi hili. Nilizunguka mji mzima kutafuta watu wasioinuka kwa saa nane siku ya kazi."

Sentimita akainama, akapapasa chini ya ubao, akakuta tone la gundi kavu.

"Mimi nina wateja," akasema polepole.

"Walikuja watatu. Uliwaambia warudi leo."

Kilo Mia akasaini huku akifuta machozi ya kicheko. Sentimita naye akasaini huku akiuliza kama jina lake litakaa upande wa mashahidi au wa mashine.

"Kote kuwili," nikamjibu, nikachukua kalamu, maana mwandiko mzuri kijiweni ni wangu. Nikaandika: *Mashine: wazee watatu, kilo mia mbili na arobaini, hawakusimama hata mara moja.*

Nikaifunga bahasha kwa gundi iliyobaki. Sentimita akaichukua, akaenda nayo posta mbio. Hatukuwa tumewahi kumwona akiondoka kabla ya jua kuzama.